Mashine Iliyokosa Pumzi

Heri isemwe mapema, ili mtu asisome roho ikiwa juu: boti ya Khatibu ilipona, na hakuna aliyetafunwa na kiboko. Lakini juma lile la Juni, mwaka sabini na tano, Harerimana hakuwa na wa kumwambia hivyo. Alikuwa amechuchumaa kwenye gati la magogo kando ya mto Malagarasi, mikono myeusi hadi viwikoni, akiikodolea macho mashine iliyomshinda akili. Ikiwa imefungwa pale gatini iliunguruma vizuri tu. Ikifika katikati ya maji, inakata roho.

Boti yenyewe ilikuwa ya bati, ndogo, na mashine yake kuukuu ilikuwa imebandikwa nyuma, tangi la petroli likiwa juu yake kama mzigo wa kichwani. Mzungu mmoja mpima ramani aliiacha Kigoma mkataba wake ulipokwisha. Khatibu akainunua, akaipakia kwenye lori, akaileta hadi mtoni huku watu wakimcheka barabara nzima. Khatibu alikuwa mwenye duka wa Kasulu, baba yake mtu wa pwani, na kofia yake nyeupe haikupata kuonekana na doa hata katika vumbi la kiangazi. Alijua alichokifanya. Mwaka uliotangulia, Operesheni Vijiji ilikuwa imewakusanya watu wote wa bonde lile katika kijiji kipya upande huu wa mto, na mizinga yao ya nyuki ikabaki ng'ambo, kwenye miombo ya upande wa Kibondo. Watu walihamishwa, nyuki hawakupelekewa barua. Kwa hiyo asali na nta ya kijiji kizima ilikuwa ng'ambo ikisubiri, na mwenye boti ndiye angeifikia.

Kwenda huko hakukuwa kuvuka tu, ukadhani mtu anaruka mfereji. Mto pale umetawanyika ndani ya mafunjo, na inabidi kuufuata mkondo kwa muda wa dakika arobaini, ukipita kwenye kona moja pana ambako viboko wamejiwekea makao. Na mashine ya Khatibu, kati ya mahali pote ilipoweza kuzimika, ilichagua konani.

Haikuzimika ghafla. Ingekuwa afadhali. Ilitoka gatini kwa nguvu zake zote, pua ya boti ikiwa juu, ikaenda hivyo karibu robo saa. Kisha sauti ikaanza kuwa nyembamba. Ukiongeza mafuta, haiongezeki. Boti inashusha pua, inajikokota, inakohoa mara mbili tatu, kimya. Hapo watu wanashika makafi, wanapiga kasia kwa pumzi za woga, na viboko wanatoa macho juu ya maji wawaone wageni. Wakishaipita kona mashine inakubali kuwaka tena, kana kwamba haikufanya kosa.

Harerimana hakuwa fundi wa kubahatisha. Kwao Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa ametengeneza mashine za boti za wavuvi tangu hajaota ndevu. Alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili na vitu vitatu tu: mkewe Epifania, vyungu vya mkewe, na spana zake zilizoviringishwa kwenye turubai. Binti yao Uwimana alizaliwa njiani, Kitanga, chini ya paa la watu wasiowajua. Tangu hapo walikuwa wamehama mara tatu. Katika safari ya tatu mtungi wa maji wa Epifania ulipata ufa, ukawa unavuja polepole usiku kucha, na kila asubuhi Epifania aliutazama ule unyevu sakafuni akasonya.

Aliyewapokea mara hii alikuwa mzee Makarius, Muha wa hapo hapo, mfuga nyuki ambaye wafuga nyuki wengine walimwamkia kwa kuvua kofia. Hakumwuliza Harerimana maswali mengi. Alimwonyesha kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake, akasema, "Hapa pandeni muhogo," akaenda zake. Khatibu alipoileta boti, Makarius ndiye aliyekabidhiwa kuilinda. Alijenga kibanda kwenye gati, akalala humo, na kila alfajiri aliifuta boti umande kwa kitambaa kana kwamba anamwogesha mjukuu.

Sasa basi, tarishi wa kijiji alikuwa amepita na taarifa. Wageni waliotoka Burundi wasio na kazi inayojulikana wangeondoka Jumatatu, kwa lori, kwenda makazi mapya ya mbali huko kusini. Mwenye kazi, na mtu wa kumwandikia barua, atabaki alipo. Harerimana hakuhitaji kusomewa mara mbili. Alimfuata Khatibu.

"Barua nitakuandikia, kwa nini nisikuandikie?" Khatibu alisema. "Lakini nitaandika nini, fundi? Kwamba nina fundi na sina boti? Jumamosi nakuja mwenyewe kuchukua asali. Boti ikienda bila kuzimika, barua utaipata palepale. Ikizimika, wallahi, sitasema uongo kwa karatasi."

Harerimana alipomweleza mkewe, Epifania alikuwa akimenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Baba Uwimana, vyungu vyangu nimevifunga mara tatu. Muhogo wangu uko shambani, haujatimiza mwaka. Mimi lori silipandi."

"Sijasema tunapanda."

"Mimi nimesema hatupandi. Wewe nenda katengeneze hiyo mashine."

Lakini asubuhi ya Jumanne alipoamka, alikuta nyuma ya mlango vyungu vimefungwa kwa kamba za migomba, kimoja ndani ya kingine, na ule mtungi wenye ufa juu yake. Epifania alikuwa na mdomo mkali na mikono yenye hofu. Mafundo yale yalimwumiza Harerimana kuliko maneno yoyote.

Basi akaanza kazi. Akatoa plagi, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Wakaenda na Makarius na wafuga nyuki wawili, ikazimika konani. Akafungua kabureta, akapuliza kila kitundu kwa mdomo mpaka midomo ikawasha. Ikazimika konani. Akasema ni petroli chafu, maana miaka ile petroli ilikuwa adimu na iliyopatikana ilikuwa na kila kitu ndani yake. Akaichuja kwa kitambaa cha kichwani cha Epifania, akagombezwa, akaichuja tena. Ikazimika konani. Akakagua propela kama imenasa majani, akakagua mpira wa mafuta kama umepasuka, akakagua hata mambo ambayo alijua hayana kosa, ili mradi mikono isikae bure.

Na kila alipomaliza kutengeneza, aliijaribu gatini. Aliifunga boti kwenye gogo kwa kamba nene, akaiwasha, ikavuta kamba nusu saa nzima bila kukohoa. Kwa sababu ya uhaba hakulijaza tangi siku hizo za majaribio. Aliacha kifuniko pembeni, akawa anamimina petroli kidogo kidogo kutoka kwenye chupa ya soda, kama mama anayemlisha mtoto uji. Mashine ikanywa, ikanguruma, ikamfurahisha. Akafunga kifuniko, wakapakia, wakaondoka, ikawaaibisha.

Kijijini maneno yakaanza. Wengine walisema kona ile haimtaki mgeni. Harerimana hakuliamini hilo, maana safari ya kurudi mashine ilizimika mahali pengine kabisa, robo saa kutoka ng'ambo, kwenye mafunjo yasiyo na kiboko hata mmoja. Wengine walisema vibaya zaidi: kwamba mkimbizi ametoa vyuma vizuri akaweka vibovu. Hilo lilimfikia, na alipolisikia alikaa chini ameshika tama, kahawa ikapoa mkononi.

Jambo moja tu lilikuwa geni, na hakulipa uzito. Kila alipofungua kabureta alikuta mabaki ya kitu cha rangi ya njano, laini, kidogo kama punje ya ulezi. Akikinusa kilinuka asali. Lakini katika boti ile kila kitu kilinuka asali: mbao, kamba, makafi, hata koti la Makarius. Alikifuta kwenye suruali, akaendelea.

Alhamisi Makarius hakuwapo. Alikuwa amekwenda Nyakitonto kwenye shughuli ya posa ya mtoto wa dada yake. Harerimana na wale wafuga nyuki wawili wakaondoka asubuhi bila matumaini makubwa. Wakafika konani. Mashine ikapita. Wakatazamana. Ikaenda mpaka ng'ambo, ikarudi, ikafika gatini sauti ikiwa nene vilevile, na Harerimana akaizima mwenyewe kwa mkono wake, jambo ambalo juma lile lilikuwa kama sikukuu. Hakuwa amegusa kitu kipya. Lakini nani anauliza maswali siku ya furaha? Alikimbia nyumbani, akamwinua Uwimana juu hadi mtoto akapiga kelele, na Epifania akaenda nyuma ya mlango akalegeza fundo moja. Moja tu. Hakuwa mtu wa kuharakisha.

Ijumaa Makarius akarudi. Ijumaa mashine ikazimika konani.

Usiku ule Harerimana hakulala vizuri, na alichokuwa akikiwaza kilimtia aibu. Siku mzee hayupo, boti nzima. Siku mzee yupo, boti mgonjwa. Aligeuka upande huu, akageuka upande ule, lakini hesabu haikubadilika. Labda mzee alijuta kutoa shamba. Labda alitaka mgeni aondoke kwa amani, kwa lori la watu wengine, bila yeye kumfukuza. Mtu aliyempa mahali pa kulala, mtu ambaye Uwimana alimwita babu! Harerimana alijikemea, na wazo likarudi palepale.

Jumamosi alifika gatini jua halijatoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, na baridi ya Juni iliuma masikio. Kwa mbali alimwona Makarius ameinama juu ya mashine, mgongo wake mpana umeziba kila kitu, bega la kulia likisogea polepole, kama mtu anayekandamiza kitu.

"Bwakeye, data," alisalimu kutoka mbali, akimwita baba kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mzee akageuka, akafuta dole gumba kwenye koti. Alikuwa anatabasamu.

"Mwana wanje! Umeamka mapema."

"Unafanya nini hapo, data?"

"Naiandaa. Kama kila siku."

Hapo ndipo Harerimana alipopaswa kwenda kuangalia. Hatua nne tu. Hakwenda. Aliogopa kwamba akiangalia ataona, na akishaona hataweza tena kula mezani kwa mzee yule wala kukaa kwenye ardhi yake, hata lori lisipokuja. Akajishughulisha na kamba. Na kabla hajajipiga moyo konde, Khatibu akatokea kwenye njia, kofia nyeupe, viatu mkononi, akilalamika kuhusu umande.

Wakaondoka watu watano: Khatibu mbele, wafuga nyuki wawili katikati na madebe matupu, Makarius nyuma yao, na Harerimana kwenye mashine. Tangi lilikuwa limejaa hadi juu. Dakika tano. Dakika kumi. Khatibu alianza kusifu hewa ya asubuhi. Harerimana alikuwa akisikiliza kwa mwili mzima, na sauti ilipoanza kuwa nyembamba yeye ndiye wa kwanza kujua, kabla ya pua ya boti kushuka, kabla ya Khatibu kunyamaza. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Kimya.

Kona ilikuwa mbele yao, pana na tulivu. Na viboko walikuwa hapo, karibu kuliko siku zote, masikio sita, halafu kumi, halafu mgongo mmoja mweusi uliopanda taratibu ukashuka tena. Makarius aliinua mkono, na wote walielewa. Mahali pale, boti ikizimika na viboko wakiwa karibu, watu hawapigi kasia wala hawasemi. Wanakaa kama magogo mpaka wanyama wachoke kutazama. Siku nyingine viboko walikuwa mbali, na watu walishika makafi mara moja kwa kelele na kumwita Mungu. Safari hii kelele haikuwapo. Ulisikia maji yakigusa bati.

Harerimana, kwa kukosa la kufanya, alifanya alichokuwa akifanya kila siku mashine ikizimika: alishika kifuniko cha tangi ili aone kama petroli ipo. Akakizungusha polepole.

Fyuuuu.

Ilikuwa sauti ndogo mno. Upepo ulikuwa ukiingia kwenye tangi, ukinyonywa kwa pupa, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Harerimana alibaki mkono hewani. Siku zote sauti ile ilikuwapo, akaelewa, na siku zote makafi na makelele vilikuwa vimeifunika.

Akakigeuza kifuniko. Katikati yake palipaswa kuwa na kitundu, chembamba kama tundu la sindano, cha kuingizia hewa. Petroli ikishuka kwenda kwenye mashine, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, petroli inagoma kushuka. Jambo ambalo kila fundi Rumonge analijua kabla ya kujua bei ya spana. Aliliangalia tundu. Hakuliona. Mahali pake palikuwa na kitu laini, kimepakwa masizi kikafanana na rangi ya bati, na juu yake, wazi kabisa, alama ya dole gumba.

Akatia ukucha. Chini ya masizi ilikuwa nta ya nyuki.

"Usiibandue!" Makarius alinong'ona kwa hofu ya kweli, akiunyoosha mkono. "Usiibandue, mwana wanje, itavuja!"

Harerimana alimtazama. Uso wa mzee ulikuwa na wasiwasi mtupu, wasiwasi wa mtu anayeona kazi yake nzuri inaharibiwa. Hapakuwa na kingine usoni mle. Hapakuwapo kamwe. Na shaka iliyomnyima Harerimana usingizi tangu Ijumaa ikamtoka, kwa ghafla hivi kwamba alilazimika kujiuma kiganja asicheke mbele ya viboko. Mzee hamfukuzi. Mzee alikuwa anawatunzia boti.

"Kuna nini huko?" Khatibu alinong'ona kutoka mbele, bila kugeuka, macho kwa viboko.

"Uchafu kidogo, tajiri."

Alikwangua nta yote, akatoboa tundu kwa waya mwembamba, akapuliza, akarudisha kifuniko. Viboko walikuwa wameanza kusogea upande wa pili. Alishika kamba ya kuwashia, akavuta mara moja. Mashine ikaitika, sauti nene, na boti ikainua pua. Haikukohoa tena mpaka ng'ambo.

Lakini Khatibu hakuwa mtu wa kusahau. Walipotia nanga chini ya miombo na kushusha madebe, alimsimamisha Harerimana mbele ya wote.

"Haya, fundi. Uchafu gani?"

Harerimana alimtazama Makarius, kisha wale wafuga nyuki wawili, ambao walikuwa wamejifunza kupanda mizinga kwa mzee yule na bado walimwogopa. Akitaja nta, watajua mara moja ni mkono wa nani. Kufikia jioni kijiji kizima kitacheka kwamba bingwa wa nyuki ndiye aliyeiua boti juma zima.

"Uchafu tu, tajiri. Uliziba mahali. Hautarudi."

"Nasikia juma zima umekuwa ukisema hivyohivyo. Kama ni uchafu, kazi ya kusafisha ni ya nani?" Khatibu alitikisa kichwa, na alikuwa na huzuni badala ya ukali, jambo lililokuwa baya zaidi. "Siwezi kuandika, Harerimana. Imezimika. Tulikubaliana."

Harerimana akainama kuyapanga madebe. Alifikiria vyungu nyuma ya mlango, na akaendelea kuyapanga vilevile.

Makarius alimvuta mkono, akamsogeza pembeni, kwenye mti ambapo mzinga wake ulikuwa ukivuma.

"Wewe, lile tundu. Lilikuwa la nini?"

"Hakuna neno, data."

"Nimekuuliza."

Harerimana alisita. Kisha akasema, "Ukitaka kumimina asali kutoka kwenye debe lililofungwa, unalitoboa matundu mangapi?"

"Mawili," mzee alijibu papo hapo, kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Moja la asali, moja la upepo. Ukitoboa moja, asali inadondoka kidogo, halafu inakataa. Hata mtoto..."

Hakumaliza. Alitazama boti. Alitazama dole gumba lake. Miaka hamsini alikuwa ameziba matundu: ya mizinga, ya madebe, ya vibuyu, kwa sababu kwenye tundu ndipo siafu wanapoingia, na ndipo asali inapoharibika. Siku ya kwanza ya kuilinda boti aliona petroli ikirukaruka kutoka kwenye kitundu cha kifuniko, akaona uzembe wa Mzungu, akakiziba. Petroli ikaila nta, naye kila alfajiri akaibandika upya, bila kumwambia mtu, maana mwenye kuilinda mali haombi asifiwe.

"Yampayinka," alishangaa kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita Mungu wake.

"Tutasema ni uchafu, data. Mimi sina shida."

"Una shida. Shida yako iko Jumatatu."

Akarudi kwa wengine kwa hatua ndefu, na akavua kofia yake, yeye ambaye watu wengine ndio waliomvulia.

"Tajiri Khatibu. Huyu anaficha. Boti imezimika kwa sababu yangu. Kuna tundu la upepo kwenye tangi, mimi nimelitia nta kila siku asubuhi, nikidhani naizuia kuvuja. Yeye leo ndiye aliyeona. Mimi mzee wa asali, najua debe linataka matundu mawili, na sikujua." Akawageukia wafuga nyuki wawili. "Na nyinyi mkitaka kucheka, chekeni sasa, nikiwa nasikia."

Hawakucheka. Aliyecheka ni Khatibu. Alianza polepole, akiuliza, "Nta? Nta hii ninayoinunua mimi?" kisha akashika mbavu, akaegemea mti, kofia ikaanguka kwenye majani na yeye asiiokote. Na kicheko chake hakikuwa na sumu, kikawaambukiza wafuga nyuki, kikamwambukiza Harerimana, na mwisho Makarius mwenyewe akatikisika mabega, akijifuta macho kwa lile dole lililosababisha yote.

"Mzee, wewe umeiua boti yangu kwa mapenzi," Khatibu alisema alipopata pumzi. "Na wewe fundi, ungepanda lori ukiwa umefunga mdomo hivyohivyo?"

"Sijui, tajiri," Harerimana alisema, na ni kweli hakujua.

Khatibu aliokota kofia, akaipangusa. Akaomba debe, akalifanya meza, akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa mfukoni na kalamu. Aliandika muda mrefu, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. Aliandika kwamba Harerimana ni fundi wake wa boti, kwamba kazi yake inajulikana, na kwamba boti hiyo haiwezi kwenda bila yeye. Alipomaliza alisoma kwa sauti, akafikiri, akaongeza mstari: kwamba mtu huyu anadhaminiwa pia na mzee Makarius, mfuga nyuki. Makarius aliweka dole gumba chini ya mstari huo, kwa wino wa masizi ya mashine. Lilitoka zuri, kila mkunjo ukionekana.

Safari ya kurudi, masikio yote yalikuwa nyuma ya boti. Walikuwa wakiisikiliza mashine. Walipopita kona, madebe yamejaa na boti imezama hadi karibu na ukingo, viboko waligeuza masikio na mashine haikugeuza kitu. Ilinguruma moja kwa moja mpaka gatini. Harerimana alikuwa ameweka barua ndani ya shati, juu ya kifua, na mara mbili aligusa aone kama bado ipo.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mkewe, na aliposukuma mlango maneno yakampotea. Kamba za migomba zilikuwa chini, zimekatwa kwa kisu. Chungu kikubwa kilikuwa motoni, maharage yanatokota, na Uwimana alikuwa amekalia chungu kidogo akakifanya kiti.

"Nani amekuambia?" Harerimana aliuliza.

"Hiyo mashine yako," Epifania alisema akikoroga. "Tangu iliposikika kwa mbali nimesimama hapo nje nikisikiliza. Ikakaribia kona. Nikashika kisu. Ikapita kona." Aliacha kukoroga. Alijifunika uso kwa upande wa kanga, akalia kidogo, kisha akacheka kwa kujionea aibu. "Kulikuwa na mafundo mengi, nikaona yatanichelewesha."

Harerimana akampa barua. Epifania hakujua kusoma, wala Harerimana hakujua kuisoma yote, lakini alilitazama lile dole gumba kwa muda, akaipandisha barua juu ya kichanja, mbali na moshi.

Haukupita muda, Makarius akabisha hodi. Mkononi alikuwa na donge la nta safi, kubwa kama ngumi.

"Mama Uwimana, nimesikia una mtungi unaovuja."

"Unavuja, data, tangu tulipohamia hapa."

Akaketi mlangoni. Akaipasha nta karibu na moto, akailainisha kwa viganja, akafuata ule ufa kuanzia shingoni mwa mtungi hadi chini, akikandamiza kwa dole gumba, polepole, bila kuruka mahali. Harerimana alimtazama akifanya kazi.

"Hapa," mzee alisema bila kuinua kichwa, "hapa hatutaki upepo."

Epifania alichukua ndoo, akamimina maji kwenye mtungi hadi ukajaa mpaka juu. Wote watatu wakainama kuangalia sakafu. Sakafu ilikuwa kavu. Mtungi ulikuwa mzito sasa, na hakuna mtu pale ambaye angeweza kuuinua na kuondoka nao.